Mnaniuliza Disney Ni Dola Ngapi: Ngoja Niwaeleze Habari ya Maegesho

Habari zenu wapendwa. Leo sikupanga kurekodi, nimetoka zamu ya usiku na macho mnayaona yenyewe. Lakini nimefungua maoni asubuhi nikakuta swali lilelile. "Dada, unakaa Orlando, mbona hutuonyeshi Disney?" "Familia ya watu watano ni dola ngapi?" Na mmoja, huyu kaniuma kweli, ameandika, "Watu wa majuu mnaficha raha ili sisi tusije."

Basi nijibu leo, na video hii nitaibandika juu kabisa, kila atakayeuliza nimwelekeze hapa.

Najua nitakachoambiwa. Nikisema ni ghali, mtasema nalia njaa nikiwa Marekani. Nikisema nimekwenda, mtasema najionyesha. Nimekwenda. Kwa miaka sita niliyokaa hapa nimeingia kwenye hizi bustani za burudani mara nne, na tatu kati ya hizo ni kwa sababu nilikuwa na wageni. Kazi ninayo, afya ninayo, namshukuru Mungu. Ninacholalamikia ni namna wanavyokutoza kwa kukumegamega, na kwamba huanza kukumega ukiwa bado umekaa ndani ya gari.

Disney ni nini hilo sielezi, hata mtoto analijua. Ila mnaposema "tupeleke Disney" mjue hapa Orlando, jimbo la Florida, siyo bustani moja. Ziko nne: Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom, na kila moja ina mlango wake. Pembeni wapo washindani wao, Universal, nao Mei 2025 wamefungua nyingine mpya inaitwa Epic Universe. Tiketi ya siku moja ya kawaida ni ya bustani moja tu. Magic Kingdom ilipofunguliwa Oktoba 1971, kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola 3 na senti 50. Mwaka 2015 tiketi yake ya siku moja ikavuka dola 100. Sasa hivi siku za sikukuu inacheza kwenye 200, kwa kichwa kimoja. Mtoto chini ya miaka 3 anaingia bure, lakini akitimiza 10 kwenye vitabu vyao ni mtu mzima. Mtoto wa kaka yangu alitimiza 10 wiki mbili kabla ya kusafiri. Wiki mbili!

Hiyo bei ya tiketi ndiyo mnayoiona kwenye mtandao, halafu mnanipigia, "Dada, tumepiga hesabu, tunaweza." Hamjapiga hesabu bado. Mmehesabu mlango.

Twende kwenye maegesho. Disney kupaki gari dogo kwa siku ilikuwa dola 25. Mwaka 2023 wakapandisha ikawa 30. Ukitaka kupaki karibu kidogo na mlango unaongeza tena. Na unalipa kwenye vibanda vya barabarani, hujaona hata bendera ya bustani. Mtu anisaidie hapa: eneo lao lote ni zaidi ya kilomita za mraba 100. Ardhi wanayo. Siyo katikati ya New York ambako kila mita ya lami inagombewa. Na bila gari utafikaje? Basi la umma lipo, LYNX, nauli dola 2, mimi mwenyewe nimelipanda. Lakini na watoto wawili na mzee, jua la Julai, kubadilisha njiani, siwezi kumwambia mgeni wangu apande hilo. Kwa hiyo wanajua utakuja na gari. Na Magic Kingdom ukishapaki bado hujafika! Mlango uko ng'ambo ya ziwa, unapanda treni ya juu au feri ndiyo uone geti.

Sasa nisimulie kilichonipata mimi. Bustani siitaji jina, maana sitaki kesi na sitaki mtu aseme namchafua. Kaka yangu alikuja na wifi, watoto wawili, na mama. Pamoja na mimi tukawa sita. Gari langu ni dogo, nikaazima la rafiki lenye viti saba. Tumefika kwenye vibanda, nimelipa dola 30 na kitu, binti wa watu kanipungia mkono kwa tabasamu, tukaelekezwa mstari wa mwisho kabisa kule. Mwisho kabisa. Zamani pale kulikuwa na vile vitreni vya kuvutwa, vinapita kuchukua watu kwenye maegesho mpaka mlangoni. Mimi mwenyewe nilivipanda mwaka wangu wa kwanza. Nikamwambia mama, "Mama, tulia hapa kivulini, kinakuja." Kivuli chenyewe ni cha gari la jirani. Tukasubiri. Akapita kijana mmoja wa kazi, nikamuuliza. Akasema siku hizo havifanyi kazi, tutembee.

Mama yangu ana magoti. Wanaonifuatilia muda mrefu mnajua habari ya yale magoti. Alitembea kwenye lami ile, analitegemea bega la kaka yangu, anasimama, anatembea, anasimama. Hakusema neno. Mnamjua mama wa namna hiyo, hasemi neno. Nikafika mlangoni nimeshakasirika kiasi kwamba watoto wananiambia "Shangazi, tazama kule!" na mimi sioni kitu.

Kinachoniuma ni hiki: zile dola 30 nililipia nini? Kama bei ya maegesho ilikuwa na treni ndani yake, treni ikiondoka na bei ishuke. Haikushuka. Ilipanda.

Na hili siyo la kwangu peke yangu. Mimi nafanya kazi hotelini, upande wa vyumba, kwa hiyo wageni nawaona wakitoka asubuhi wanaimba na wakirudi usiku wamenuna. Niwape mifano ambayo kila mtu hapa anaijua. Disney walikuwa na basi la bure kutoka uwanja wa ndege mpaka kwenye hoteli zao, lilianza 2005. Januari 2022 likafa. Walikuwa na FastPass tangu 1999, tiketi ya kukupunguzia foleni, bure, kila aliyeingia anayo haki. Walipofunga Machi 2020 kwa ajili ya korona ikasimamishwa. Walifungua tena Julai mwaka uleule, FastPass haikurudi. Oktoba 2021 ikaja huduma ya kuruka foleni kwa kulipia, ilianza na dola 15 kwa mtu kwa siku, na imeshabadilishwa jina tangu hapo. Sisi tulikuwa sita: 15 mara sita ni 90. Dola 90 kwa kitu ambacho mwaka 2019 ulikipata kwa kuwahi kuamka. Bangili za kielektroniki za bure kwa wageni wa hoteli zao, nazo zikaondolewa. Hata vile vitreni vya maegesho vya Disney wenyewe vilisimama 2020, vikaanza kurudi Magic Kingdom Desemba 2021, na bustani nyingine zikangoja mpaka 2022. Muda wote huo mtu analipa maegesho na kutembea kwa miguu.

Korona ilitugusa wote, sikatai. Mimi mwenyewe nilikaa bila zamu miezi. Huwezi kuendesha treni imejaa watu wakati ule, naelewa kabisa. Ila mtu akikuomba umvumilie kwa sababu ya ugonjwa, ugonjwa ukipita akurudishie chako. Hakukurudishia, akakuuzia. Hapo ndipo mimi nagoma kuelewa.

Nitende haki pia. Yapo waliyoyarudisha. Mwaka 2018 Disney walianza kuwatoza wageni wa hoteli zao pesa ya kulaza gari, watu wakalalamika sana, Januari 2023 wakaifuta. Na ule utaratibu wa kuweka nafasi kwanza kwenye programu ya simu hata kama tiketi umeshanunua, tangu Januari 2024 kwa tiketi za kawaida za tarehe maalum hauhitajiki tena. Kwa hiyo anayesema kulalamika hakusaidii, mimi siamini. Na tafadhali msiwatukane wale vijana wa maegesho wanaosimama juani. Hawakupanga bei. Wengine ni majirani zangu, kodi inawashinda kama inavyonishinda.

Haya, makaratasi. Nilitaka niliruke hili lakini mmeuliza: "Si kuna tiketi nafuu za wakazi wa Florida?" Zipo. Ni za kweli na zinasaidia. Lakini unatakiwa uthibitishe kwamba unakaa hapa, na kitu rahisi kuonyesha ni leseni ya udereva ya Florida. Sasa kwa sisi tunaoishi hapa kwa kibali cha muda, leseni inaisha siku kibali chako kinapoisha. Haitazami umelipa kodi kiasi gani wala umekaa miaka mingapi. Mimi kibali changu nilikuwa nimeomba kipya mapema, nimelipa ada, nimepewa karatasi ya kuonyesha maombi yamepokelewa, nikawa nasubiri. Leseni ikaisha wakati nasubiri. Nimefika getini siku ileile, mama anatafuta pa kukaa, yule mtu anaitazama leseni yangu, anaigeuza, anaitazama, ananiambia tarehe imepita. Nikatoa ile karatasi. Akasema hiyo haitambuliwi. Nikamwonyesha bili ya umeme kwenye simu, akaniambia niende dirisha lingine. Foleni ya dirisha lingine ilikuwa dakika 50. Mwisho nikaongeza tofauti ya tiketi kwa kadi ya mkopo, maana watoto walikuwa wameshaanza kulia.

Kaka yangu alisimama pembeni akaona yote. Usiku ule, tumerudi, akaniambia, "Sikujua unaishi hivi." Nilikwenda bafuni nikakaa humo muda.

Halafu picha. Wifi aliweka picha moja kwenye kundi la familia, tumesimama mbele ya bustani, tunacheka, mama amevaa kofia. Picha nzuri kweli. Baada ya saa moja nina jumbe tatu za kuombwa pesa, na binamu mmoja ameandika mbele ya watu wote kwamba mimi nina za Disney lakini za mchango sina. Jamani. Deni la siku ile nililipa kwa miezi minne, na mchango ule niliutuma baadaye, yeye anajua. Sisemi hili ili mnihurumie. Nalisema kwa sababu yule aliyeandika kwamba tunaficha raha, nataka ajue ile picha ilikuwa na nini nyuma yake.

Mnataka ushauri. Nitasema ninavyofanya mimi, na kila mtu ana mfuko wake na familia yake, usije ukaniambia nilikudanganya. Bei hizi wanazibadilisha wanapotaka, tazama tovuti yao mwenyewe kabla ya kukata tiketi ya ndege. Mimi risiti ya maegesho ya Disney siitupi: ukihama bustani siku hiyohiyo hulipi tena, na watu wengi hawajui wanalipa mara mbili. Kama mko wengi kwenye hoteli moja ya nje, linganisheni teksi ya kushushwa na pesa ya maegesho, wakati mwingine teksi inashinda. Universal, ukienda kutembea tu jioni, kuanzia saa 12 kupaki kawaida ni bure, isipokuwa usiku wa matukio maalum. Chakula Disney wanaruhusu uingie nacho, mradi hakuna chupa za kioo wala pombe, na kwenye vibanda vya chakula cha haraka ukiomba kikombe cha maji ya barafu wanakupa bila malipo. Mimi hununua kwao kitu kimoja tu, aiskrimu ya watoto.

Na mwenye mzee, sikiliza sana hapa. Piga simu siku moja kabla uulize kama usafiri wa maegesho unafanya kazi. Usiulize kama upo. Uliza kama unafanya kazi kesho. Kama haufanyi, mshushe mzee mlangoni na mtu wa kukaa naye, ndipo ukapaki. Ningelijua hilo, mama asingetembea ile lami.

Dada uliyeuliza kuhusu Desemba na watoto watatu: niandikie umri wao na tarehe mtakazofika, nitakupigia hesabu yote, maegesho ndani yake, kisha uamue mwenyewe na mzee wako. Kaka yangu yeye amesema mwaka ujao anarudi. Nimemwambia karibu, kitanda kipo, na mama safari hii tutampeleka baharini, Cocoa Beach, saa moja tu kwa gari. Alikwenda mara moja tukakaa mpaka jua likazama, na ndiyo siku pekee ya safari ile aliyoniomba turudi kesho yake.

Nalala sasa, saa 10 jioni naingia zamu tena.