Bei Chee ya Mtaani: Nani Anaifaidi?

MWANAISHA: Haya, karibuni tena barazani. Mie Mwanaisha, niko na kaka yangu Hatibu, tuko Ngamiani hapa hapa Tanga, na mkisikia kengele za baiskeli msidhani mitambo imeharibika, ni mtaa tu. Leo tunazungumzia maduka ya bei chee. Yale yaliyoingia mitaani siku hizi: rafu wazi, unajichagulia mwenyewe, keshia kakaa mlangoni, na bango jekundu la BEI YA KUTUPA.

HATIBU: Na spika.

MWANAISHA: Na spika, inayokuita mchana kutwa hata ukiwa umejilaza.

HATIBU: Wasikilizaji wametuma sauti nyingi. Tumekubaliana hatutaji duka la mtu. Nianze na mama mmoja wa Makorora, mkaanga maandazi. Anasema ngano kule ni rahisi kuliko kwa mangi, yule mwenye kiduka cha mtaani, hilo hapingi. Ila ngano yake ananunua kwa mangi.

MWANAISHA: Kwa nini sasa?

HATIBU: Daftari, dada. Kwa mangi anachukua ngano jioni, maandazi yakiisha asubuhi anapita kulipa. Kule kwenye bei chee ukifika kaunta ni hela, na yule binti wa mashine hata jina lako halijui.

MWANAISHA: Lakini bei inashuka kwa sababu hiyo hiyo, Hatibu. Mangi akikukopesha, hela yake imelala kwako. Na wapo wanaohama usiku na deni lao. Hasara ile lazima aifidie, anaifidia kwenye bei anayokupa wewe mlipaji mzuri. Hawa wengine hawakopeshi, wanachukua mzigo mkubwa kwa mkupuo, sabuni wanaweka aina mbili badala ya kumi, faida kidogo kidogo, wanategemea mali itoke haraka. Hakuna uchawi pale.

HATIBU: Sijasema uchawi. Nasema bei ile ni ya mwenye hela kamili mkononi. Fundi wa baiskeli anayerudi nyumbani na 5,000 anataka sukari robo, mafuta ya kupima, majani ya chai ya 100, kipande cha sabuni. Kule mafuta yamefungwa kwenye chupa ya lita nzima. Atayatazama, ataondoka.

MWANAISHA: Na kibaya zaidi, huyo ndiye anayelipa ghali. Tuseme chupa ya lita ni 6,000. Kile kipimo kidogo cha mangi cha 500, ukivijumlisha mpaka lita ijae, usishangae umefika 7,000. Mafuta ni yale yale. Mwenye mshahara analipa 6,000, mwenye kibarua analipa 7,000, halafu tunaambiwa mtaa umepata unafuu!

HATIBU: Sasa hapo ndipo wale kinamama wa Duga wamenifurahisha. Watatu, nyumba moja, wanachanga hela, mmoja anakwenda, analeta chupa kubwa na mfuko wa sukari, wanagawana ukumbini.

MWANAISHA: Kwa mizani?

HATIBU: Kwa kikombe. Na kelele.

MWANAISHA: Haya. Mie nina sauti ya dada wa Mwanzange. Sukari kule imepungua 200 kwa kilo. Akachukua kilo mbili, akaokoa 400. Kwenda na kurudi bodaboda 1,000. Mlangoni akanunua mfuko 200.

HATIBU: Ebo! Si amepoteza 800?

MWANAISHA: Na jua la saa saba juu. Jamani, rambo za bure ziliisha Juni 2019 zilipopigwa marufuku, na mpaka leo watu wanatoka nyumbani mikono mitupu. Mfuko wa dukani unakula nusu ya punguzo. Kikapu cha ukili kipo, kitundike kwenye usukani wa baiskeli uende zako. Mji wetu tambarare huu, bodaboda ya nini kwa kilo mbili za sukari?

HATIBU: Labda uwe na mzigo.

MWANAISHA: Ukiwa na mzigo, sawa. Mwisho wa mwezi, sabuni za kufulia, ngano, chumvi, vitu visivyooza. Hapo nauli inalipa.

HATIBU: Malalamiko makubwa ni bei ya rafuni na bei ya keshia. Baba mmoja wa Chumbageni, dawa ya meno imeandikwa 2,500, kufika kaunta mashine inasema 2,900. Anauliza, anajibiwa ofa iliisha jana, karatasi hatujaibandua.

MWANAISHA: Ofa yenyewe waja leo, waondoka leo.

HATIBU: (anacheka) Ya Tanga kweli hiyo! Nyuma yake foleni, watu wanaguna, akalipa.

MWANAISHA: Asingelipa! Anaiacha palepale kaunta. Wanajua utaona haya kubishania 400 mbele ya watu, na 400 za watu wengi kwa siku ni hela nzuri. Na risiti uidai, ile ya EFD, mashine ya kodi, usisubiri upewe. Isome ungali ndani, siyo ukifika nyumbani. Nimeona risiti ina sabuni tatu, kikapuni mna mbili.

HATIBU: Chenji ya pipi?

MWANAISHA: Hiyo kila duka, usinitie hasira. Niende kwenye tarehe, maana ndiyo inayonikera. Vitu vingi vya bei ya kutupa vimeshushwa kwa sababu muda wake wa matumizi unakaribia. Si kosa. Nyanya za kopo zikibakiza mwezi, na wewe unapika kesho, chukua. Baada ya Idi utakuta tende na tambi zilizobaki za Ramadhani, nafuu kabisa. Mie nanunua. Lakini ukikuta stika ya bei imebandikwa juu ya tarehe, ibandue.

HATIBU: Mbele yao?

MWANAISHA: Mbele yao! Na mtindi usitazame tarehe peke yake, shika pakiti uone kama ina baridi. Umeme ukikatika, friji nyingine hazina jenereta, na duka halikutangazii. Pakiti ikiwa imevimba, irudishe ulikoitoa.

HATIBU: Na ukishaipeleka nyumbani? Maana ukutani pameandikwa, mali ikishauzwa hairudishwi.

MWANAISHA: Hilo ni la mtu aliyebadili mawazo. Mali iliyokuwa mbovu tangu dukani, bango haliwakingi. Rudi na risiti, rudi siku ile ile. Wakikataa, masuala ya usalama wa chakula tangu 2019 yako TBS, Shirika la Viwango. Na zile ngano wanazozipakia wenyewe kwenye vifuko, ukihisi nyepesi, omba ipimwe. Mizani ya biashara inahakikiwa kila mwaka na Wakala wa Vipimo, inawekwa stika. Itazame.

HATIBU: Wewe utafukuzwa mjini, dada.

MWANAISHA: Nitarudi kwa mangi. Chumvi yangu na kiberiti viko kwake, saa tatu usiku yuko wazi, wale wengine wameshafunga.

HATIBU: Kuna swali la mwisho, kijana kahamia Majani Mapana, anauliza mchele je? Kule kaona wa pakiti, bei nzuri.

MWANAISHA: Wa pakiti? Hasha. Mchele aende soko la Mgandini, auchote kiganjani, aunuse, atafune punje mbili. Akiambiwa ni mpya, aulize tena duka la pili.