Tishu za Machozi Zinaenda Wapi?

Wanasihi wenzangu, naomba nianze na dastibini. Pembeni ya kiti cha mteja wangu ipo moja ndogo ya plastiki. Mtu analia, anajifuta, anatupia tishu humo, saa yake ikiisha anakwenda zake. Jioni mfagizi anamwaga. Sikuwahi kuliwaza jambo hilo mpaka nilipokutana na habari za Kanada.

Kule, kwa zaidi ya miaka mia moja, serikali na makanisa waliendesha shule za bweni za watoto wa mataifa ya asili, yaani wenyeji wa tangu kale wa nchi ile. Watoto zaidi ya 150,000 walipitia humo. Ukifika unanyolewa, ukiongea lugha ya mama yako unachapwa, dada yako yuko ng'ambo ya uwanja na huruhusiwi kumsogelea. Kilichokatwa pale, naona mimi, ni undugu wenyewe. Ndiyo maana chumba cha watu wawili na mlango uliofungwa hutibu nusu tu.

Tume ya Ukweli na Maridhiano, chini ya Jaji Murray Sinclair, ilipopita miji mbalimbali kuwasikiliza waliosoma shule zile, shahidi hakuachwa peke yake. Alikuwapo wa kumshika mkono, alikuwapo mzee wa jadi. Na zile tishu zilizolowa? Hazikutupwa. Zilikusanywa, zikachomwa kwenye moto mtakatifu. Sisi tuliokulia kwenye matanga, hilo halihitaji mkalimani.

Msidhani nasema tufunge ofisi. Serikali ile iliwagharamia manusura washauri nasaha wa kisomo, wazee wa jadi, hata nauli. Lakini tazameni Alkali Lake, kijiji cha wenyeji hao wa asili katika jimbo la British Columbia, ambako karibu kila mtu mzima alikuwa mlevi. Mwaka 1972 mtoto wa miaka 7 aligoma kurudi kwa wazazi wake kwa sababu ya pombe. Mama yake, Phyllis Chelsea, akaacha. Mumewe Andy akafuata. Kijiji kiliwafuata polepole mno, mtu mmojammoja, na ilichukua miaka zaidi ya kumi.

Mwaka jana nilimwuliza mteja mmoja kama angependa kuja na mtu wake. Akaja na shangazi. Yule mama hakusema neno saa nzima. Walipoinuka, aliokota tishu zote mezani, akazifunga kwenye pindo la khanga yake, wakatoka.