Ukiona 502, usikimbilie faili la mipangilio: kutafuta kosa kwenye proksi ya Nginx

Habari zenu, karibuni. Leo tunashika jambo moja tu. Una seva, Nginx (programu inayopokea maombi ya wavuti) iko mbele, programu yako iko nyuma, na ukifungua tovuti unakutana na hiki unachokiona kwenye skrini: ukurasa mweupe, maandishi makubwa 502 Bad Gateway, na chini yake neno nginx.

Usiufunge huo ukurasa. Soma hilo neno la chini. Aliyekujibu ni Nginx, na kama hakuna mtambo mwingine uliokaa mbele ya seva yako, basi domeni inaelekeza panapotakiwa, poti iko wazi, na ombi lako limefika. Kilichokatika kiko nyuma, kati ya Nginx na programu. Umeshajua hayo yote na bado hujaandika amri hata moja.

Nginx hapa ni proksi ya kinyume (reverse proxy), yaani mpokeaji anayesimama mbele ya programu, nayo inashughulika na miunganisho miwili. Wa kwanza unatoka kwenye kivinjari cha mteja hadi kwa Nginx. Wa pili Nginx yenyewe inaufungua kwenda kwa programu, inasubiri jibu, kisha inalirudisha kwa mteja. Ni kama bawabu anayepokea barua getini na kuipeleka ndani: ukiambiwa hakuna majibu, ujue kwanza kama barua iliingia ndani au iliishia getini. Kwa hiyo swali letu video nzima ni hili: nani amejibu?

Mimi niko kwenye Ubuntu, programu yangu inasikiliza poti 3000 kwenye mashine hiyo hiyo, na domeni ni example.com. Wewe weka ya kwako.

Hatua ya kwanza, iache Nginx kabisa. Ingia kwenye seva na uiulize programu moja kwa moja:

curl -v http://127.0.0.1:3000/

Ukipata jibu la kueleweka, hata kama ni 404 ya programu yenyewe, programu iko hai. Ukipata Connection refused, acha kuhangaika na proksi. Programu imezima, au inasikiliza kwingine. Itazame hivi:

sudo ss -tlnp

Angalia safu ya anwani, hapo pana mengi. Ukiona 127.0.0.1:3000, programu inapokea maombi ya ndani ya mashine tu, na hivyo ndivyo tunavyotaka. Ukiona 0.0.0.0:3000, inapokea kutoka kila upande, yaani mtu anaweza kuizunguka Nginx na kuingia moja kwa moja kama hakuna ukuta wa moto wa kumzuia. Na ukiona [::1]:3000, hiyo ni anwani ya IPv6. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu neno localhost linaweza kumaanisha 127.0.0.1 au ::1. Programu inasikiliza upande mmoja, Nginx inagonga upande mwingine, unabaki na kosa linalokuja na kuondoka bila sababu ya kuonekana. Ushauri wangu: kwenye proxy_pass, ule mstari unaoiambia Nginx programu iko wapi, usiandike localhost. Andika 127.0.0.1, na programu nayo isikilize hapo hapo, ugomvi uishe.

Hatua ya pili ni logi, faili ambamo Nginx inaandika yanayotokea, na hapa tutakaa kidogo. Fungua teminali mbili. Kwenye moja andika:

sudo tail -f /var/log/nginx/error.log

Kwenye nyingine, au kwenye kivinjari, fungua tovuti tena. Ona mstari uliodondoka. Usiusome wote kwa mkupuo, ni mrefu. Tafuta vitu vitatu: namba iliyo kwenye mabano, maneno yanayoanza na while, na anwani iliyoandikwa baada ya neno upstream, yaani programu iliyo nyuma.

Wangu unasema connect() failed (111: Connection refused) while connecting to upstream, na mbele kidogo upstream: "http://127.0.0.1:3001/". Umeiona? 3001, na programu yetu iko 3000. Kosa zima lilikuwa tarakimu moja. Logi ndiyo inayokuonyesha Nginx inakwenda wapi kweli, si pale unapodhani uliituma.

Namba 111 maana yake mlango umegongwa na hakuna anayesikiliza. Namba 110 ni muda kuisha, lakini hapo lazima usome maneno yanayofuata. Ikisema while connecting to upstream, hata salamu haikujibiwa: mara nyingi ni ukuta wa moto unaomeza pakiti kimya kimya, au anwani ya mashine isiyokuwepo. Ikisema while reading response header from upstream, muunganisho ulifanyika, programu ikapokea ombi, ikakaa nalo. Huko kivinjari kitaonyesha 504. Kwa chaguo-msingi Nginx inasubiri sekunde 60, na hizo ni za ukimya kati ya kusoma mara moja na nyingine, si za jibu zima. Unaweza kuongeza proxy_read_timeout, na kwa ripoti nzito au kupakia faili ni sawa. Lakini ukurasa wa kawaida unaochukua dakika nzima una tatizo kwenye hifadhidata au kwenye kodi (code) ya programu yako. Kuongeza sekunde ni kumsubirisha mteja zaidi tu.

Namba 13, Permission denied. Hii inawatesa sana wanaotumia Fedora, Rocky na ndugu zao. Curl inafanya kazi, poti ni sahihi, faili ni sahihi, na Nginx bado inakataliwa. Mhusika kwa kawaida ni SELinux, mfumo wa ulinzi wa Linux, ambao haujairuhusu seva ya wavuti kufungua miunganisho ya mtandao. Dawa ni mstari mmoja:

sudo setsebool -P httpd_can_network_connect 1

Utakutana na wanaokwambia uzime SELinux yote. Usiwasikilize. Ila kama unatumia soketi ya faili badala ya poti, namba 13 hiyo hiyo inaweza kuwa ni ruhusa za kawaida tu za faili au za folda iliyomo, basi anzia huko.

Kuna moja zaidi: upstream sent too big header. Programu imejibu vizuri, lakini heda zake, yaani maelezo yanayotangulia jibu, mara nyingi kuki ndefu za kuingia kwenye akaunti, zimezidi nafasi ambayo Nginx imezitengea. Utaona watumiaji wasioingia hawana shida, wanaoingia wanapata 502. Ongeza proxy_buffer_size iwe 16k, na panua proxy_buffers nazo ziendane, uendelee na maisha.

Hatua ya tatu, hakikisha faili unalohariri ndilo linalosomwa. Andika:

sudo nginx -t

Hii inakagua sarufi, itakamata nukta mkato uliyosahau. Lakini sarufi sahihi haimaanishi mipangilio sahihi. Amri ninayoipenda mimi ni dada yake mwenye herufi kubwa:

sudo nginx -T

Hii inamwaga mipangilio yote kama Nginx inavyoiona, faili zote zikiwa zimeunganishwa. Tafuta humo domeni yako. Haipo? Basi faili lako liko sites-available na hakuna aliyeliunganisha na sites-enabled. Ipo mara mbili? Nginx itachukua ya kwanza na kutoa onyo ambalo wengi wanalipita bila kulisoma. Kisha:

sudo nginx -t && sudo systemctl reload nginx

Zile alama mbili katikati ni za muhimu. Mipangilio ikiwa na kosa, amri ya pili haitafanyika. Hata ungelazimisha kupakia upya, Nginx ingekataa mipangilio mibovu na kuendelea na ile ya zamani, nawe ungebaki unajiuliza kwa nini mabadiliko hayaonekani.

Sasa tuje kwenye mkwaju, alama hii: /. Kipande cha location kinaiambia Nginx ifanye nini na maombi yanayoanza na njia fulani. Tazama skrini vizuri, tofauti ni alama moja tu.

location /api/ {
    proxy_pass http://127.0.0.1:3000;
}

Hapa mteja akiomba /api/watu, programu inapokea /api/watu, kama ilivyo. Sasa naongeza mkwaju mwishoni:

location /api/ {
    proxy_pass http://127.0.0.1:3000/;
}

Mteja anaomba /api/watu, programu inapokea /watu. Nginx imekata sehemu iliyolingana na location na kuweka mkwaju badala yake. Hakuna iliyo sahihi kuliko nyingine, inategemea programu yako inatarajia nini. Kibaya ni kuchanganya: location /api bila mkwaju, na proxy_pass yenye mkwaju. Hapo programu inapokea //watu, mikwaju miwili, na programu nyingi zitajibu 404. Tena location hiyo isiyo na mkwaju inanasa hata /apikundi. Kwa hiyo ukiona 404 ambayo haina maneno ya nginx chini, fungua logi ya programu yenyewe uone njia iliyoipokea, herufi kwa herufi.

Twende kwenye heda. Nginx ikifungua ule muunganisho wa pili, programu haimwoni mteja tena. Inaiona Nginx. Haijui domeni aliyoandika mteja, wala anwani yake ya IP, wala kama alikuja kwa HTTPS. Lazima uiambie:

proxy_set_header Host $host;
proxy_set_header X-Real-IP $remote_addr;
proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;

Ukisahau wa mwisho, unapata ule mzunguko usiokwisha. Mteja anakuja kwa HTTPS, Nginx inaifikia programu kwa HTTP, programu inasema hapana, nenda HTTPS, mteja anarudi kwa HTTPS, na mchezo unaanza upya mpaka kivinjari kichoke. Na kuongeza heda peke yake mara nyingi hakutoshi, programu nayo lazima ikubali kuiamini. Kama programu yako imejengwa kwa Express ni mpangilio wa trust proxy, kwa Django ni SECURE_PROXY_SSL_HEADER. Ndiyo maana nilitaka programu isikilize 127.0.0.1 peke yake: ikiwa inafikika moja kwa moja, mtu yeyote anaweza kujitungia heda hizo.

Mtego mwingine hapa hapa. Umeweka heda zote nne kwenye kipande cha server, zinafanya kazi. Kisha ndani ya location moja unaongeza proxy_set_header moja tu ya ziada. Zile nne za juu zinapotea kwenye location hiyo! Nginx hairithi heda za juu pale inapokuta hata moja ya aina hiyo chini. Ziandike upya zote, au ziweke kwenye faili moja uliite kwa include.

Websoketi, yaani miunganisho inayobaki wazi kati ya kivinjari na programu, nitazipitia haraka. Gumzo au dashibodi ya moja kwa moja inagoma wakati kurasa nyingine ziko sawa? Ongeza hizi tatu:

proxy_http_version 1.1;
proxy_set_header Upgrade $http_upgrade;
proxy_set_header Connection "upgrade";

Jibu unalolitafuta kwenye zana za kivinjari ni 101. Na kama mtu anapakia picha anapata 413, hiyo ni Nginx yenyewe kukataa, kwa sababu kikomo chake cha kawaida ni megabaiti moja. Panua client_max_body_size, basi.

Wenye makontena, hili ni lenu. Nginx ikiwa ndani ya kontena, 127.0.0.1 ni kontena hilo lenyewe, si mashine yako wala kontena la programu. Tumia jina la huduma, mfano http://programu:3000, na yote mawili yawe kwenye mtandao mmoja wa Docker. Ukiunda upya kontena la programu na 502 ikatokea mpaka uipakie Nginx upya, ni kwa sababu ililitafuta lile jina wakati wa kuanza tu, ikaendelea kuishika anwani ya zamani.

Ukipima, pima kwa curl kwanza. Kivinjari kinakumbuka majibu ya 301, yale ya kukuelekeza anwani nyingine, kinaweza kukuonyesha kosa ulilokwisha kulirekebisha. Hii hapa inaigonga Nginx yako bila kupitia DNS wala mtambo wowote ulioko mbele:

curl -I --resolve example.com:443:127.0.0.1 https://example.com/

Mwisho, tuifanye logi ijibu lile swali letu yenyewe. Fungua nginx.conf, ndani ya http weka hii:

log_format proksi '$remote_addr "$request" $status $upstream_addr $upstream_status $upstream_response_time';

Na ndani ya server yako:

access_log /var/log/nginx/proksi.log proksi;

Pakia upya, fungua kurasa mbili tatu, kisha soma. Mstari wenye 404 na mbele yake 127.0.0.1:3000 404 0.004, ni programu iliyosema haina ukurasa huo. Mstari wenye 404 na vistari vitupu mahali pa upstream, ombi halikwenda nyuma kabisa, Nginx imejibu yenyewe: kagua location zako. Na 504 yenye 60.001 mwishoni, unajua pa kwenda, kwenye kodi yako.

Amri zote nimeziandika kwenye maelezo hapo chini. Ukikwama, niwekee kwenye maoni ule mstari wa error.log pamoja na kipande chako cha location, ila futa kwanza domeni na anwani zako za IP.