Kijiji cha Watu 499

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nimekuja hapa kwa bajaji, na sidhani kama tukishuka huwa tunakumbuka kuwa jina hilo ni la kampuni ya Kihindi, Bajaj. Leo tuifuate kwao, hadi mahali inaposhindwa kufika.

Sensa ya India ya 2011 ilipata watu zaidi ya bilioni 1.2, na karibu 69 katika kila 100 waliishi vijijini. Vijiji vyenye watu vilikaribia 600,000. Kila kimoja kina mstari wake kwenye daftari la sensa: wanaume wangapi, wanawake wangapi, halafu huduma. Basi linafika? Stesheni ya treni ipo? Kama hakuna, inaandikwa herufi moja. Herufi a, huduma iko chini ya kilomita 5. Herufi b, kati ya 5 na 10. Herufi c, 10 na kuendelea. Ukikuta kijiji cha watu mia nne na ushei kimejaa c tupu, hujahitaji kusimuliwa mjamzito wa pale anafikaje hospitali wakati wa monsuni, njia ikishageuka tope. Anawekwa juu ya charpai, kitanda cha kamba, wanaume wanne wanajitwika, wanapokezana.

Desemba 2000 serikali ya Atal Bihari Vajpayee ilianzisha mpango uitwao Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, yaani mpango wa Waziri Mkuu wa barabara za vijijini. Ahadi yake: barabara ya kupitika mwaka mzima kwa kila kitongoji chenye watu 500 huko tambarare, au 250 milimani na jangwani, kwa hesabu ya sensa ya 2001. Mko 499? Subirini, labda mpate majirani wa karibu wa kuhesabiwa nao.

Nimesema kitongoji, sikusema kijiji, na hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Kijiji cha Kihindi mara nyingi hakikai pamoja. Wadalit, waliotengwa na mfumo wa matabaka, wana makazi yao kando. Kwa hiyo kuhesabu vitongoji ilikuwa busara. Lakini kanuni ikaongeza kwamba kitongoji kilicho chini ya mita 500 kutoka barabarani tayari kimefikiwa. Mita 480 za tope, kwenye karatasi hazipo. Mimi ningemtwisha aliyeandika kanuni hiyo gunia la mpunga, azipite mwezi wa Julai, mvua za monsuni zikimwagika.

Wachumi nao waliona mpaka huo wa idadi ni bahati yao: wakalinganisha vijiji vilivyouvuka kidogo na vilivyoukosa kidogo. Barabara ilipofika, watu waliacha kilimo wakaenda kutafuta kazi nyingine. Mavuno na kipato havikubadilika sana. Wengi tungebashiri kinyume chake.

Kuna asiyengoja mpango. Dashrath Manjhi wa Gehlaur, karibu na Gaya, jimbo la Bihar, alifiwa na mkewe mwaka 1959. Kilima kilisimama kati ya kijiji na huduma. Mwaka uliofuata akashika nyundo na tindo. Akagonga miaka 22. Wenzake walimwita kichaa. Alipomaliza 1982, alikuwa amepasua njia ya mita 110 katikati ya mwamba, na safari ya kilomita 55 kuzunguka kilima ikawa 15. Alifariki 2007, serikali ya jimbo ikamzika kwa heshima zote. Picha yake tunaipenda, nami pia naipenda, ila huwa najiuliza ile miaka 22 ilikuwa deni la nani.

Septemba 2024 India iliidhinisha awamu ya nne ya mpango: kilomita 62,500 kwa vitongoji 25,000. Idadi ya watu wanaichukua kwenye sensa ya 2011, maana ile ya 2021 iliahirishwa na korona, na mpya imepangwa 2027. Mtoto aliyehesabiwa akiwa mgongoni kwa mama yake, sasa anaitembea njia ile ile kwenda sekondari.