Homa Ikishuka, Mapafu Bado Yana Kazi

Waganga, wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii mliotoka Bahi, Chamwino na Kongwa, karibuni Dodoma. Namna ya kuua bakteria mnaijua. Leo nataka tuangalie yanayofuata bakteria wakishakufa, maana hapo ndipo wagonjwa wengi wanapotuponyoka.

Tuchukue nimonia inayoletwa na bakteria aitwaye pneumokoki. Siku ya kwanza mishipa midogo ya pafu hutanuka, majimaji yakavujia kwenye vifuko vya hewa. Siku ya pili na ya tatu vifuko hujaa chembe nyekundu za damu, fibrini (nyuzi za damu iliyoganda) na neutrofili (chembe nyeupe za kinga), na sehemu hiyo ya pafu hukakamaa kama ini. Ukigonga kifua unasikia mlio butu. Kabla ya penisilini, aliyejaliwa kupona alisubiri siku 7 hadi 10 kingamwili zitoshe, kisha homa ikamwachia ghafla kwa jasho jingi. Leo, dawa ikiwa sahihi, homa kwa kawaida hushuka ndani ya saa 48 hadi 72.

Pafu lenyewe, hata hivyo, bado limejaa. Neutrofili haiishi muda mrefu, na ndani yake mna vimeng'enya vinavyoweza kula tishu zetu wenyewe. Ikipasuka ovyo, inaumiza. Ndiyo maana nyingi hufa kwa utaratibu: chembe hunywea, kisha hugeuzia nje mafuta fulani ya utando, fosfatidilserini, ambayo siku zote hukaa upande wa ndani. Makrofaji, chembe ya kinga inayomeza mabaki, ikiigusa alama hiyo, huimeza neutrofili nzima kabla haijavuja. Na ikishameza, hubadilika tabia: hupunguza kemikali za kuchochea uvimbe, huanza kutoa zile za kuutuliza. Kwangu mimi, kupona kunaanzia hapa hasa. Baadaye kimeng'enya kiitwacho plasmini huyeyusha fibrini, maji hufyonzwa, kuta za vifuko hujifunika upya. Eksirei inaweza kuchukua wiki 6 kusafika, kwa wazee hata 12, kwa hiyo msiwarudishie antibayotiki kwa sababu ya kivuli tu wakati mgonjwa anaendelea vizuri.

Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 59 asiye na dalili za hatari, amoksilini ya kuyeyusha ya mg 250 ni hivi: kilo 4 hadi chini ya 10, kidonge 1 asubuhi na 1 jioni; kilo 10 hadi chini ya 14, viwili viwili; kilo 14 hadi 19, vitatu vitatu. Kifua kikiwa kinabonyea anapovuta pumzi, siku 5 kamili. Tatizo mnalijua: siku ya pili mtoto anacheza, mama anaficha vilivyobaki kwa ajili ya mdogo wake. Mwambieni kabla hajaondoka dirishani.

Chakula nacho. Wakati wa homa mwili huvunja misuli ili ini lipate malighafi ya protini za kinga, ndiyo maana mtoto hutoka amekonda. Aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki 2: uji wa uwele wenye karanga zilizosagwa unafaa sana. Ugali na mlenda peke yake, hapana. Vidonge vya madini ya chuma vingoje homa iishe. Kwenye maambukizi makali ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, inayozuia chuma kufyonzwa tumboni.

Homa isiposhuka kufikia saa 72, fikirieni usaha kwenye utando wa pafu, jipu, au dawa isiyofaa, na mpeni rufaa siku hiyohiyo. Kikohozi kikivuka wiki 2 huku uzito ukipungua, mpimeni kifua kikuu.