Roketi ya maji inayoshuka kwa mapanga: tengeneza mwenyewe

Haya wadau, karibuni. Tupo Tabora, na hii mnayoiona mkononi ni chupa ya soda tu. Itapanda kwa maji na upepo wa pampu, ikifika juu itafungua mapanga matatu ishuke inazunguka kama pangaboi, isijibamize chini.

Najua kuna mtu ataniuliza kwa nini nisitumie baruti. Kwanza, kuchezea baruti bila kibali ni kutafuta kesi. Pili, kiangazi hiki majani yamekauka kabisa. Cheche moja tu umechoma pori pamoja na mizinga ya nyuki ya watu. Maji hayaunguzi kitu.

Tuanze na chupa. Chagua ya soda, ya lita moja na nusu au karibu na hapo, isiyo na mikwaruzo wala mikunjo. Ya maji ya kunywa achana nayo, ile ni laini, haikutengenezwa kubeba gesi. Hii itakayobeba upepo usiitoboe, usiipashe moto, usiipake supagluu. Kila kitu tunabandika kwa seloteipu pana. Mdomo unakaa chini, kitako juu.

Chupa ya pili ikate katikati, chukua nusu yenye shingo, uivalishe kwenye kitako cha ile ya kwanza. Hiyo ndiyo pua. Ndani yake weka donge la udongo wa mfinyanzi linaloenea kiganjani, na kifuniko kifunike kwa kipande cha kandambili, maana pua ngumu ikimpata mtu si mchezo. Huku chini karibu na mdomo bandika mapezi matatu ya plastiki ya jalada la faili, yaachane sawasawa. Hapo sina maneno mengi.

Sasa mapanga. Hapa sogea karibu na kioo, maana ndipo wengi watakapoharibu.

Kata vipande vitatu vya jalada la faili, kila kimoja upana sentimita 5, urefu 22. Ukingo wa juu usiukate mraba. Ukate mshazari, kona moja iwe chini ya nyingine kwa sentimita 1. Umeona? Upande wenye kona ya chini ndio mbele ya panga; bandika ufito mwembamba wa mwanzi kuanzia juu hadi ncha. Huo mshazari ndio utakaokuwa bawaba. Panga likining'inia limenyooka ubavuni mwa chupa, lakini likifunguka linalala kwa kuinama kidogo, mbele ikiwa chini. Upepo unaotoka chini unalisukuma kuelekea upande ule ulioinama, na roketi inazunguka. Yote matatu yaelekee upande mmoja! Moja likigeuzwa, yanapingana.

Yabandike ukingo wa juu tu kwenye pua, pale inapoanza kunyooka. Kisha sentimita 11 chini ya bawaba funga uzi ubavuni mwa chupa, mwisho wake katikati ya panga. Uzi uwe na sentimita 15 na nusu hivi. Huo unazuia panga lisipinduke juu wakati wa kushuka.

Bado cha kulifungua. Karibu na bawaba, upande wa nje wa panga, gundisha kipande cha kandambili chenye kimo cha sentimita 2. Rababendi inatoka shingoni mwa pua inashika ncha ya kipande hicho. Bila kimo hicho mpira utavuta juu kwa juu, panga halitanyanyuka. Mpira uwe dhaifu: kidole kimoja kitoshe kulilaza panga. Mpira wa manati hapana.

Kabla ya maji, panda ngazi uiachie roketi ikiwa wima, mapanga wazi. Ikianza kuzunguka, vizuri. Halafu funga mapanga, funga kamba pale roketi inapolala sawa bila kuinama, uizungushe juu ya kichwa. Pua itangulie. Ikitangulia mkia, ongeza udongo.

Kizibo cha mdomo wa roketi akutengenezee fundi baiskeli: mti uliochongwa, umevikwa kipande cha tyubu, katikati sindano ya kujazia mpira, na bomba refu hadi kwenye pampu. Kiwe kimekazwa kwenye ubao.

Uwanja uwe mtupu, mbali na nyumba, nyaya za umeme na uwanja wa ndege. Asubuhi, kabla upepo haujaamka. Maji theluthi moja ya chupa. Ukizidisha, roketi inakuwa nzito na hewa ya kuisukuma inapungua. Laza mapanga, yazungushie uzi wenye fundo la kuvuta, mwisho wake ufunge kwenye kigingi. Roketi ikiondoka fundo linafunguka, na mwendo wenyewe unayabana mapanga hadi utakapoisha kule juu.

Watoto nyuma, hatua kumi. Piga pampu, geji isipite psi 40. Kizibo kikigoma kuachia roketi usikisogelee: chomoa bomba upande wa pampu, hewa itoke.

Tatu, mbili, moja... ile!

Mapanga yakifunguka mapema, legeza mpira. Ikianguka bila kuzunguka, angalia mishazari. Na kila baada ya kurusha ikague chupa: ukiona alama nyeupe kwenye plastiki, hiyo imechoka, wape waokota chupa.