Nyasi za Kivulini: Tupande Zilizozoea Msitu

Karibuni, ndugu zangu, na asanteni kwa kufika. Nianze na swali ninaloulizwa kila mara: chini ya mti wangu ukoka haushiki, nifanyeje? Jibu langu ni fupi. Acha kuupanda hapo. Ukoka ni mmea wa jua, na nyasi ya Kikuyu vilevile, ingawa asili yake ni nyanda zetu za juu. Ukizipanda chini ya mwembe zitarefuka, zitapauka, kisha zitakatika moja moja hadi ubaki na udongo mtupu unaokokotwa na mvua. Msimu ukifika unanunua vipando vingine. Inaniuma kuona fedha na maji vikipotea hivyo, maana tunazo nyasi za kwetu zinazoishi kivulini.

Ninayoipenda zaidi ni Setaria megaphylla. Inaota kando ya mito na pembezoni mwa misitu, kutoka Afrika Magharibi hadi Afrika Kusini, na hapa Kenya na Tanzania imo. Hili hapa jani lake, pokezaneni. Upana wake ni vidole vitatu au vinne, na lina mikunjo kuanzia chini hadi nchani kama sketi ya shule iliyopigwa pasi. Pitisheni kidole ukingoni, lakini polepole, linakwaruza. Kichaka kikikolea kinaweza kupita kimo cha mtu, kwa hiyo kipe kona, usikipande katikati ya njia.

Masuke yakikomaa, ndege wadogo wala mbegu watakuja wenyewe. Na mkiona majani yametafunwa, nawasihi msikimbilie dawa. Viwavi wa kipepeo Melanitis leda, yule wa rangi ya majani makavu anayeruka jua linapozama, hula nyasi za jamii hii. Ukipulizia dawa, umemuua kipepeo.

Kwa zulia la chini kuna nyasi fupi, Oplismenus hirtellus. Hutambaa, hutoa mizizi kwenye vifundo, na haihitaji mashine ya kukatia. Kasoro yake ni mbegu zenye ute: zikikomaa hunata kwenye suruali na manyoya ya mbwa.

Sasa upandaji, na hapa ndipo wengi hukwama. Chini ya mti shida si giza peke yake. Mizizi ya mti hunywa maji yote kabla ya mmea mchanga. Kwa hiyo panda mvua zinapoanza, Machi au Oktoba. Ng'oa shina la nyasi lililokomaa, ligawe kwa panga, kila kipande kibaki na mizizi na machipukizi kadhaa, kisha punguza majani nusu ili kisinyauke. Chimba vishimo vidogo katikati ya mizizi ya mti, usikate ile minene, tia mboji, panda, mwagilia. Endelea kumwagilia mvua zinapokatika, angalau kwa kiangazi cha kwanza. Wala usirundike udongo kwenye shina la mti ukidhani unaisaidia nyasi, gome litaoza.

Majani yanayoanguka yaache yaoze palepale, ndiyo mbolea yake. Ila yakiwa mazito kama ya mwembe, yasogeze pembeni ya Oplismenus hadi ishike vizuri.

Miche tusiichimbe kwenye msitu wa hifadhi. Muulize jirani mwenye shamba la mtoni, au mwombe mwenye kitalu akuoteshee kwa mbegu. Akishaona wateja wapo, ataziweka.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu nyoka, na swali lake ni la haki. Nyasi ndefu humficha nyoka, na pia panya ambaye nyoka humfuata. Setaria iwe mbali na mlango, na mbali na wanapochezea watoto. Karibu na nyumba panda ile fupi. Kila mwaka, kabla ya mvua, kata majani yaliyokauka kwenye kichaka ili uone hadi chini, na uvae glavu na viatu vya kufunika unapoifanya kazi hiyo.